Ukishindwa Kufanana na Mwenyewe, Hapo Ndipo Mtindo Unapoanza

Majaji wa mashindano ya kuimba wana kauli wanayoipenda kuliko zote: "Huo wimbo hujaufanya wako." Kijana kasimama jukwaani, jasho linamtoka, kaimba wimbo wa watu kwa usahihi wote, halafu anaambiwa hivyo. Wiki inayofuata anarudi na wimbo mwingine. Safari hii kila neno kalizungusha mara nne, mwisho wa kila mstari kapanda juu kama anayetafuta kitu darini, na majaji wanasimama kumpigia makofi. Somo limemwingia: kuufanya wimbo wako ni kuujaza mbwembwe.

Tusker Project Fame ilianza Nairobi mwaka 2006, na Bongo Star Search ikaanza huku kwetu karibu wakati huohuo. Sina ugomvi nayo mashindano haya. Yametupa waimbaji ambao pengine tusingewasikia kamwe: Alpha Rwirangira wa Rwanda, Ruth Matete wa Kenya, Walter Chilambo wa hapa Tanzania. Lakini yameacha pia imani iliyoota mizizi kwenye kwaya, kwenye bendi za harusi na kwenye simu za vijana, kwamba mtindo ni kitu cha kuongeza juu ya wimbo ambao tayari upo.

Mimi naona kinyume chake. Kwa mtu anayepiga kopi, yaani anayeimba au kupiga wimbo wa mwingine, mtindo hauongezwi. Unatokea pale anapojaribu kwa dhati kufanana na mwenye wimbo, akashindwa, kisha badala ya kuona haya akakaa chini kukagua ameshindwa wapi na kwa nini. Koo lako halifiki alikofika yeye. Bendi yako haina tarumbeta. Lafudhi yako ni ya Kigoma na wimbo ni wa Mvita, kule Mombasa. Vidole vyako vimezoea ngoma nyingine kabisa. Hapo unaweza kuficha, na mbwembwe ni mojawapo ya njia za kuficha. Au unaweza kujenga juu ya hicho kinachokosekana.

Mfano mkubwa tulio nao ni Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, na nyimbo alizozipokea kwa Siti binti Saad aliyemtangulia. Siti binti Saad alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake ikasambaa pwani nzima kwa gramafoni. "Kijiti", wimbo unaosimulia mauaji ya mwanamke Unguja na mtuhumiwa aliyevuka maji kukimbilia bara, kwa Siti ulikuwa habari ya mji. Jambo limetokea, watu wanalizungumza mabarazani, naye analitia kwenye udi na fidla likiwa bado la moto. Siti alifariki mwaka 1950. Miongo mingi baadaye Bi Kidude alikuwa bado anaziimba nyimbo zake, mbele ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuishika santuri mkononi.

Hakuwa na sauti ya Siti. Yake ilikuwa nzito, kavu, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyevuta sigara hadharani mpaka uzeeni bila kumwomba mtu radhi. Zaidi ya hapo alikuwa kungwi, mtu wa unyago, na ngoma yake alikuwa akiipiga amesimama, kaibana miguuni. Angeweza kulainisha. Wengi walioimba taarab baada ya Siti walilainisha. Yeye alizichukua pumzi zake za unyago, ile namna ya kuuitisha mstari kwa nguvu na kisha kuuachia uanguke wenyewe, akaziingiza kwenye nyimbo za Siti jinsi zilivyo. Tuni ileile, maneno yaleyale, lakini "Kijiti" ya Bi Kidude si habari tena. Ni ushahidi. Unamsikia bibi anayeijua kesi ilivyokwisha na hajaridhika nayo mpaka leo. WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, walipompa tuzo yao mwaka 2005 hawakumpa kwa kuwa alimwiga Siti vizuri, na wala hawakumpa kwa kuwa alimwacha Siti akatunga yake. Alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa kuwa mwalimu wake, akakujua kushindwa huko kila pembe.

Niseme mapema, maana najua kuna mtu ameshaanza kutabasamu: kushindwa peke yake si mtindo. Kukosa nota ni kukosa nota. Bendi isiyofanya mazoezi haina "ladha yake ya kipekee", ina uvivu. Kipimo ninachokitumia ni rahisi. Kama kesho unaweza kuurudia ule utofauti wako mahali palepale, kwa kiasi kilekile, na ukaniambia umeuweka hapo kwa sababu gani, basi huo ni mtindo. Kama kila ukiimba unatokea mahali pengine, hiyo ni ajali, na ajali haijengi jina la mtu.

Ukitaka kuliona jambo hili likitokea kwa kizazi kizima, rudi kwenye santuri za Kuba. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilisambaza Afrika mfululizo wa santuri uliotambulika kwa herufi GV, na muziki mwingi humo ulikuwa wa Kuba. Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizipokea, na huku kwetu nako zikafika. Vijana walikaa na gramafoni wakanakili kila kitu, hata Kihispania wasichokielewa. Waimbaji wa Kongo walikuwa wakitamka maneno ya Kihispania yasiyo na maana yoyote, mradi mlio ufanane. Kopi tupu, tena kopi ya kupindukia. Lakini piano haikuwepo. Ile sehemu ya piano inayozungukazunguka chini ya wimbo ikabidi ipewe gitaa, na gitaa haliwezi kushika vidole kumi kwa mpigo. Kwa hiyo kazi ikagawanywa: huyu ashike rithim, yule achukue solo, kisha akaongezwa wa tatu wa kupita katikati yao. Mpangilio ule wa magitaa yanayosukana, ambao leo dunia nzima inautambua kuwa ni rumba la Kongo, kwa sehemu kubwa ulianza na watu kukosa piano.

Morogoro alikuwepo Salum Abdallah. Bendi yake aliiita Cuban Marimba, jina ambalo halimfichi mtu anakotoka. Mapigo aliyachukua Kuba bila aibu, ila aliimba Kiswahili, na Kiswahili hakikubali kukaa kwenye mdundo jinsi Kihispania kinavyokaa. Mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na neno letu halimaliziki kwa konsonanti ya kukata. Linaisha kwa irabu inayotaka kuendelea kidogo. Kwa hiyo mistari yake inanyooka mahali ambapo Mkuba angekata, na bendi nzima inalazimika kumsubiri. Alifariki kwa ajali mwaka 1965, akiwa ameshaacha nyimbo ambazo Mkuba akizisikia atazitambua ni za kwao na wakati huohuo atajua si za kwao.

Baada yake bendi za Tanzania zikaufanya utofauti huo kuwa sera. Kila bendi ilijitangazia mtindo wake kwa jina. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikawa na Msondo. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ikachukua Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa na Masika. Watu waliokulia kwenye rumba la Kongo, na wengine walishalipiga kwa miaka, walikwenda kuchota kwenye ngoma za majirani zao, kwa sababu rumba lile kama lilivyo lilikuwa na wenyewe, na hao wenyewe walikuwa hodari kuliko wao. Mpiga tumba mgeni akiingia bendini alipaswa kujifunza mtindo wa nyumba kabla ya kujifunza nyimbo. Leo mwambie kijana wa bendi ya kopi akutajie mtindo wa bendi yao. Atakutajia orodha ya nyimbo.

Nimewahi kupiga rithim kwenye bendi ya hoteli ya ufukweni, kazi ambayo ni kopi kuanzia saa moja jioni mpaka wageni wachoke. Mwenye hoteli hakutaka ubunifu. Alitaka "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ile iliyotoka mwaka 1982 na ambayo mwaka uliofuata Boney M, kundi la disko la Ujerumani, nao waliidaka, na aliitaka ipigwe kila meza mpya ilipojaa. Kuna usiku tuliipiga mpaka nikawa naiota. Mpiga besi wetu alikuwa mtu wa Tanga, kakulia kwenye chakacha, na hata afanye nini besi yake ilikuwa ikiteleza kuelekea mapigo ya sita kwa nane. Mwanzoni kiongozi wa bendi alimgombeza. Kisha siku moja, nadhani kwa uchovu tu, mpiga drams akaamua kumfuata badala ya kumrudisha. Mimi rithim yangu ikakosa pa kusimama, nikaacha kugonga nyuzi zote na kubaki na mbili za chini, nikizichomeka katikati ya besi. Wageni hawakugundua kitu. Wahudumu waligundua: mmoja aliweka sinia chini, akafunga leso kiunoni pale mlangoni mwa jiko. Ule ndio ulikuwa mtindo wetu wa kwanza na wa pekee, na ulitoka kwa mtu ambaye kwa vigezo vya kopi alikuwa anakosea.

Lakini angalia kilichobaki. Tuni hatukuigusa. Kiitikio kilikuwa mahali pake, mtalii aliweza kuitikia. Tulibadilisha kitu kimoja, na kingine kikabadilika kwa kulazimika. Hapa ndipo waimbaji wengi wanapokosea: wanabadilisha kila kitu kwa mpigo, ki (ule urefu wa sauti wimbo unapokaa), mwendo, maneno, tuni, vyombo, halafu wanashangaa kwa nini msikilizaji hana pa kushika. Ukibadilisha kila kitu hujapiga kopi, umetunga wimbo mpya na kumwibia mtu jina.

Kila wimbo una mhimili wake, na si lazima uwe pale unapodhani. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Mwimbaji atakwambia mhimili ni maneno, kile kisa cha watu kugombana bila sababu. Nenda harusini uone. Watu wanasimama kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwa besi ya Tom Malanga na rithim ya Omari Shabani, ambazo zinajibizana kana kwamba ni mtu mmoja. Nimesikia bendi zikiupiga wimbo huo kwa kinanda peke yake, mwimbaji kajitahidi, sauti nzuri, na ukumbi umekaa kimya ukila pilau. Kwenye wimbo ule unaweza kucheza na sauti utakavyo, hata ukiughani badala ya kuuimba watu watakufuata, ila besi ile usiiguse. Kwenye wimbo mwingine mambo ni kinyume: vyombo vyote vinabadilika na wimbo haudhuriki, mradi mstari fulani wa sauti ubaki. Kazi ya kwanza ya mpiga kopi ni kuugundua mhimili huo, na hakuna namna ya kuugundua isipokuwa kwanza kuunakili wimbo wote jinsi ulivyo, hata sehemu ambazo huna nia ya kuzitumia.

"Malaika" imepita kwenye makoo mengi kuliko wimbo wowote wa Kiswahili, kwa hiyo ni darasa zuri. Umiliki wake una mgogoro usiokwisha. Fadhili William aliirekodi Nairobi na kudai ni yake, na wapo wanaoshikilia kuwa mtunzi ni Adam Salim. Hilo tuliache. Kinachoimbwa ni kijana asiye na mali, anayempenda msichana na kushindwa kumuoa. Katika rekodi ya Fadhili hakuna kilio kikubwa. Kijana analalamika huku gitaa likitembea, jinsi mtu anavyoweza kulalamikia umaskini wake akiwa njiani kwenda kazini. Mali hana, lakini maisha yanaendelea.

Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauchukua wimbo huo akaupunguza mwendo. Aliurekodi pamoja na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya mwaka 1965, ile iliyopata Grammy. Kiswahili chake kina lafudhi ya kusini na Mswahili anaisikia mara moja. Ila kuna jambo zito zaidi la kutatua kuliko lafudhi. Wimbo ni wa mwanamume. Anayesema "ningekuoa" ni mwanamume, na anayekosa mali ni yeye kwa sababu mahari analipa yeye. Mwanamke akiuimba afanyeje? Akiugeuza, aseme "ungenioa", wimbo mzima unavunjika, kwa kuwa sasa aliyekosa mali si yeye anayelia. Makeba hakuugeuza, na Angélique Kidjo naye hakuugeuza alipourekodi kwenye albamu yake ya mwaka 1991. Wote wawili walibaki wasimulizi. Makeba anaimba kama mtu aliyeshuhudia kijana akiteseka na bado anamhurumia. Kidjo, mtu wa Benin ambaye Kiswahili si chake, anaweka sauti mbele kabisa na kuiacha ibebe kila kitu. Kwa kuwa hawezi kucheza na maneno kama sisi, anacheza na urefu wa irabu. Tena upungufu. Tena umejengewa.

Wa kwetu wangestahili kulielewa hili haraka kuliko wote, maana taarab imejaa wanawake wanaoimba mashairi yaliyotungwa na wanaume na wanaume wanaojibu kwa sauti ya mwanamke aliyeachwa, na hakuna anayeuliza. Bado kila mwezi nasikia dada mwenye sauti nzuri akiivunja "Malaika" kwa kujaribu kuirekebishia jinsia.

Boney M nao waliitoa mwaka 1981. Ni nzuri kwa redio. Kila kitu kimelainishwa, hakuna wanachopungukiwa na hakuna walichogundua, na ukimaliza kuisikiliza hujui kama yule kijana ana shida yoyote.

Turudi kwenye vitu vya kushika mkononi. Mwanamke anayechukua wimbo wa mwanamume mara nyingi hulazimika kuuhamisha ki kwa kiasi cha nne au tano, na bendi huliona hili kama usumbufu mdogo. Si mdogo. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, iliyokuwa inakaa vizuri kwenye C, ikiwa na nyuzi tupu zinazolia zenyewe, ukiipeleka F inabadilika mwili. Mpiga solo anaweza kutumia kapo, kile kibano cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa, na kujifanya hakuna kilichotokea, au anaweza kukubali kwamba ile mistari haipo tena na kutafuta mingine ambayo ki mpya inaipenda. Chaguo la pili linachukua wiki za mazoezi. Ndiyo maana bendi nyingi huchagua kapo, au humwambia dada aimbe palepale kwa mwenyewe, naye anaimba ubeti wote chini kooni hasikiki, kisha anapiga kelele kwenye kiitikio.

Na pumzi. Mwimbaji anayeiga huiga hata mahali mwenyewe alipovuta pumzi, wakati pengine mwenyewe alivuta hapo kwa sababu alikuwa na mafua siku ile studio. Soma maneno ya wimbo kwa sauti ya kawaida, kama unamsimulia mtu jikoni. Utavuta pumzi mahali pengine. Hapo ndipo pako. Mara nyingi badiliko hilo moja linatosha kumfanya msikilizaji aseme kuna kitu kipya humu, asijue ni nini.

Kuhusu haki sitakaa sana. Kuimba jukwaani ni suala la ukumbi na leseni yake. Kurekodi na kuuza ni suala lako na mwenye wimbo, na kubadilisha maneno ya mtu aliye hai bila kumwuliza ni kosa kisheria na ni utovu wa adabu. Tanzania tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ya kuisimamia, na ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Angalau taja jina la mwenyewe. Haigharimu kitu, na bado wapo wanaoshindwa.

Simu imeleta tatizo lake. Kijana anashusha biti ya karaoke mtandaoni, ki ileile, mwendo uleule, anarekodi kiitikio peke yake kwa kuwa video fupi haina nafasi ya zaidi. Ubeti hajaugusa. Vyombo vimeshaamuliwa na mtu asiyemjua. Kilichobaki mikononi mwake ni koo, na kwenye kiitikio koo halina la kufanya zaidi ya kupanda. Simlaumu kwa mbwembwe; hakuachiwa kingine. Lakini akitaka kujua ana nini hasa, aizime ile biti, achukue ubeti wa pili, ule ambao hakuna anayeukumbuka, auimbe kwa gitaa moja au bila chombo kabisa. Ubeti wa pili ndio unaoonyesha kama mtu ameuelewa wimbo.

Kuna mtu mmoja anayenisumbua katika hoja yangu yote, naye ni Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa Mombasa. Bhalo alichukua tuni za filamu za Kihindi karibu zilivyo, na mtindo wa kuimba wa Kihindi nao, kisha akaweka humo mashairi ya Kiswahili cha Mvita, baadhi yakiwa ya jamaa yake malenga Ahmad Nassir. Hakupungukiwa. Aliweza kufanana na waimbaji wale kiasi kwamba walioijua filamu walishangaa. Wakati huohuo, mji huohuo, Zein l'Abdin alikuwa na udi wake akifuata njia nyingine kabisa, na mabaraza ya Mombasa yalibishana miaka na miaka nani kati yao ndiye taarab ya kweli. Kwa kipimo changu Bhalo alipaswa kuwa mwigaji tu.

Ila sikia kazi yenyewe. Tuni ya Kihindi haikutungwa kwa mizani zetu, na shairi la Kiswahili bila mizani haliwi shairi. Mshairi alilazimika kuikalia tuni ile, kuhesabu sauti zake moja moja, kutafuta maneno yanayojaa humo bila kuvunja vina, na wakati mwingine kuzua mpangilio wa beti ambao haukuwepo kwenye tenzi wala mashairi ya kawaida. Kisha Bhalo naye alilazimika kutafuta namna ya kuyapitisha mafumbo ya Mvita, ambayo msikilizaji anapaswa kuyasikia kila neno ndipo ayafumbue, kwenye mapambo ya sauti ya Kihindi ambayo kazi yake ni kuyameza maneno. Ukimsikiliza kwa makini utagundua anapamba mwishoni mwa mstari, baada ya fumbo kukamilika, na katikati anaimba karibu wazi. Wahindi hawakufanya hivyo. Kiswahili kilimzuia, naye akakubali kuzuiwa. Alifariki mwaka 2014, na Mombasa nimewasikia watu wazima, tuni ya filamu ya zamani ikipigwa kwenye televisheni ya mkahawa, wakitikisa vichwa na kusema Wahindi hawa wameuiba wimbo wa Bhalo.